Vyombo vya kisasa nyumbani: Oldeani ipige hesabu ya mwaka wa nne

KILA msimu wa mavuno unapofika katika vijiji vinavyouzunguka mlima Oldeani, maduka ya vifaa vya umeme mjini Karatu huchangamka. Spika hutolewa nje na kupigwa muziki, televisheni hupangwa mbele, na paneli za umeme wa jua huegemezwa ukutani ili mpita njia azione. Mkulima aliyeuza maharage au mbaazi hupita hapo akiwa na fedha mfukoni, na fedha hiyo ndiyo aliyoisubiri kwa miezi mingi.

Katika kila kijiji pia yupo shabiki wa mitambo. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua simu ya mkononi, wa kwanza kufunga king'amuzi, na leo ndiye anayewaeleza majirani kwamba nyumba isiyo na umeme wa jua, jokofu na sufuria ya umeme imepitwa na wakati. Maneno yake yana nguvu sokoni kuliko tangazo la redio, kwa sababu majirani wanamfahamu na wanaviona vyombo vyake vikifanya kazi.

Mtu huyo si wa kupuuzwa. Mara nyingi yuko sahihi kuhusu kile ambacho chombo kinaweza kufanya, ila hesabu yake huishia siku chombo kinapowashwa. Kwa mnunuzi wa Oldeani na kwa mfanyabiashara anayetaka kumuuzia, swali la maana ni hali ya chombo hicho katika mwaka wa nne: je, bado kitafanya kazi, na kikiharibika ni nani wa kukitengeneza, tena kwa bei gani? Chombo kisicho na jibu la swali hilo ni mavuno ya mwaka mmoja yaliyowekwa rehani.

REDIO ILIDUMU KWA SABABU GANI

Historia ya vyombo vya nyumbani nchini inaonyesha jambo hilo waziwazi. Redio ndiyo iliyoingia kwanza katika nyumba za vijijini na kudumu. Kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam, kilichoanza miaka ya 1960, kilitengeneza redio na betri zenye jina la National ambazo zilienea nchi nzima. Redio haikuwa chombo cha ajabu kuliko vingine. Ilidumu kwa kuwa betri zilipatikana katika kila duka la kijiji, na waya ukikatika fundi wa gulioni aliweza kuuchomea kwa risasi akapokea ujira mdogo.

Televisheni ilikuwa na safari nyingine. Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vituo vya binafsi vilipoanza. Watu wakanunua. Kisha likaja zoezi la kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa Desemba 31, 2012, na miji mingine, Arusha ikiwamo, ikafuata mwaka 2013. Televisheni nzima kabisa, ambayo jana yake ilionyesha taarifa ya habari, haikuonyesha kitu mpaka mwenyewe anunue king'amuzi. Mfanyabiashara aliyekuwa na shehena ya antena za zamani naye alibaki nazo.

Simu ya mkononi ina funzo lake pia. Simu hizo zilianza nchini mwaka 1994, lakini zilikuja kuwa chombo cha nyumbani hasa baada ya huduma ya M-Pesa kuanza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya. Kilichoifanikisha huduma hiyo vijijini ni wakala. Mwanakijiji hakulazimika kujua mitambo iko wapi, kwa sababu alimjua mwenye duka aliyempa fedha taslimu na ambaye angeweza kumrudia kesho yake akiwa na malalamiko. Kama ilivyokuwa kwa redio, chombo kilikubalika kwa kuwa mtu wa kukihudumia alikuwa karibu.

UMEME WA JUA KWA MKOPO

Biashara ya umeme wa jua wa nyumbani kwa malipo ya kidogo kidogo ina mizizi yake hapa hapa kaskazini. Kampuni ya Off Grid Electric, ambayo baadaye ilichukua jina la Zola, ilianzia Arusha mwanzoni mwa muongo wa 2010. Mobisol, kampuni iliyoanzia Berlin, nayo iliifanya Tanzania kuwa moja ya masoko yake makubwa. Mpango ni ule ule kwa kampuni nyingi za aina hiyo: mteja analipa kiasi kidogo cha kuanzia, anafungiwa paneli, betri, taa na pengine redio au televisheni, kisha anaendelea kulipa kwa simu kila siku, wiki au mwezi. Asipolipa, mtambo unajifunga wenyewe na taa hazitawaka hadi malipo yaingie.

Soko lilikuwapo tayari. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na mtumiaji wa koroboi na chemli akajikuta akibeba mzigo huo. Ukiongeza fedha ya kuchaji simu dukani, nyumba ya kijijini ilikuwa ikilipia mwanga na simu kwa bei kubwa bila kujitambua, kwa kuwa ililipa kwa mia mia.

Hapo ndipo shabiki wa mitambo anaposema kwamba umeme wa jua unajilipa wenyewe. Kauli hiyo inahitaji kupimwa kwa tarakimu. Chukuliwe mfano wa kukokotoa tu, usio bei ya duka lolote. Nyumba moja inatumia shilingi 400 kwa siku kwa mafuta ya taa na shilingi 300 kwa kuchaji simu, jumla shilingi 700. Mtambo wa jua unauzwa shilingi 450,000 taslimu, au shilingi 1,000 kwa siku kwa miezi 24, yaani shilingi 730,000. Bei ya mkopo hapo ni shilingi 280,000.

Aliyenunua taslimu atarudisha fedha yake baada ya siku 643 hivi, takriban mwaka 1 na miezi 9. Aliyenunua kwa mkopo atahitaji siku 1,043, karibu miaka 2 na miezi 10. Kwa miaka hiyo yote mnunuzi wa mkopo hajapata faida ya fedha hata senti moja. Faida yake inaanza mwishoni mwa mwaka wa tatu na inaonekana sawasawa katika mwaka wa nne.

Sasa iangaliwe betri. Betri za risasi zilizozoeleka, zikitumika kila siku, huishi takriban miaka 2 hadi 4, na zile zinazomalizwa chaji kila usiku hufa mapema zaidi. Betri za lithiamu huishi zaidi, ila bei yake ni kubwa. Kwa maneno mengine, betri ya kawaida inaweza kufa katika kipindi kile kile ambacho mkopo umeisha na faida ilikuwa ndiyo inaanza. Mwenye betri hiyo atakuwa amelipa shilingi 730,000 kupata kile ambacho mafuta ya taa na chaji vingempa kwa bei hiyo hiyo, na sasa anatakiwa kununua betri nyingine.

Ipo pia hali ya hewa. Oldeani si Dodoma. Ni nchi ya miinuko inayopakana na msitu wa Ngorongoro, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi nyingi huwa na ukungu na mawingu mazito. Paneli haifi kwa ukungu, ila hutoa sehemu ndogo ya uwezo wake. Mtambo uliopimwa kwa jua la tambarare utaiacha nyumba gizani saa tatu usiku katika miezi hiyo, na kila ukiishiwa namna hiyo betri inazidi kuumia. Muuzaji mwaminifu wa Karatu angempimia mteja wa mlimani paneli kubwa kuliko ya mteja wa Mang'ola, huko bondeni karibu na ziwa Eyasi ambako jua ni kali.

Hakuna sehemu ya hesabu hizi inayosema umeme wa jua ni mbaya. Mtoto anayesoma chini ya taa isiyotoa moshi ana faida ambayo haikuingizwa katika zile shilingi 700. Mama anayejifungua usiku ana faida kubwa zaidi. Lakini anayeuza kwa kigezo cha fedha lazima apimwe kwa fedha.

MAPATO YA MSIMU, MADENI YA KILA SIKU

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba malipo ya kila siku yalibuniwa kwa ajili ya mtu anayepata fedha kila siku. Bodaboda wa Karatu mjini anaweza. Mama ntilie wa stendi anaweza. Mfanyakazi wa hoteli za watalii anaweza pia, ilimradi watalii wapo. Mkulima wa Oldeani hupata fedha yake kwa mafungu, mazao yanapouzwa, na katikati ya mafungu hayo kuna miezi ya ukame wa mfuko. Januari ni sare na madaftari. Kisha inakuja palizi, na chakula cha ghalani kinapungua. Hiyo ndiyo miezi ambayo mtambo hujifunga na familia kurudia koroboi, ilhali deni liko pale pale.

Mapato yenyewe hayana uhakika. Agosti 2017 India iliweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na kwa kuwa India ndiyo mnunuzi mkuu, bei kwa mkulima wa Tanzania iliporomoka. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha safari za watalii, na hoteli za Karatu zinazotegemea wageni wa Ngorongoro zikakosa wageni. Kahawa nayo, ambayo imelimwa katika miteremko hii tangu mashamba makubwa yalipofunguliwa na walowezi wa Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, hufuata bei ya dunia ambayo haipangwi Oldeani.

Aliyekuwa na mkopo wa shilingi 1,000 kwa siku wakati bei ya mbaazi inaanguka hakuwa mvivu wala tapeli. Alikuwa ameuziwa mkataba usiolingana na kalenda ya shamba lake. Muuzaji atakayekubali malipo ya mafungu mawili kwa mwaka, moja baada ya mahindi na maharage, jingine baada ya mbaazi au kahawa, atauza Oldeani kuliko yule mwenye spika kubwa. Atahitaji mtaji wa kusubiri, na atatakiwa kumjua mteja wake kwa sura na shamba. Lakini hizo ndizo faida ambazo mfanyabiashara wa papo hapo anazo na kampuni ya mbali haina.

KAMPUNI YENYEWE INAWEZA KUONDOKA

Mnunuzi wa mkopo wa miaka mitatu anamwamini muuzaji kwamba atakuwapo miaka mitatu. Aprili 2019 Mobisol iliomba ulinzi wa mufilisi nchini Ujerumani, ikiwa na wateja katika Afrika Mashariki waliokuwa bado wanalipa. Mwaka huo huo kampuni ya Engie ya Ufaransa iliinunua, na huduma zikaendelea chini ya mwenye mali mpya. Mambo yaliishia vizuri, lakini kisa hicho kinatosha kumkumbusha mwekezaji mdogo kwamba sekta inayosifiwa kwa kukua haraka inaweza kuwa na kampuni zinazokopa zaidi ya uwezo wake.

Kwa mteja wa kijijini swali linakuwa la vitendo zaidi. Kampuni ikibadilika au ikifunga ofisi, je, mtambo uliofungwa kwa namba ya siri utafunguliwa na nani? Je, betri yake ni ya umbo linalopatikana dukani, au ni ya kampuni hiyo peke yake? Kijana anayemshawishi mzee wake kununua husema, "Baba, huu una dhamana ya miaka mitatu." Mzee mwenye busara atamjibu, "Vema, mwanangu. Dhamana hiyo nitaipeleka kwa nani, Karatu au Dar es Salaam?" Jibu likiwa Dar es Salaam, dhamana hiyo ina nauli ndani yake.

NGUZO IKIFIKA

Mfanyabiashara anayetaka kuweka shehena ya mitambo ya jua anatakiwa pia kuitazama ramani ya nguzo. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Serikali imeeleza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na kazi iliyobaki ni ya vitongoji. Kijiji kufikiwa hakuna maana kwamba kila nyumba imeunganishwa. Hata hivyo, laini inasogea, na inaposogea inabadilisha bei za kila kitu.

Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na makato, na yakijumlishwa hayo hufika takriban shilingi 122. Nyumba yenye taa, simu na televisheni ndogo inayotumia uniti 20 kwa mwezi italipa shilingi 2,440, sawa na shilingi 81 kwa siku. Hakuna mtambo wa jua wa mkopo unaoweza kushindana na bei hiyo. Mahali nguzo ilipo karibu, gharama kubwa iliyobaki ni ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba, na mkulima angefanya vyema kuipeleka fedha ya mavuno huko, huku umeme wa jua ukiwa akiba ya siku umeme unapokatika.

Kukatika nako kupo. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Lakini bwawa liko mto Rufiji, na kaskazini ni mwisho wa safari ndefu ya nyaya. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, sababu mojawapo ikiwa ni upotevu wa umeme njiani. Kwa hiyo taa ya jua ya akiba, betri ndogo na kifaa cha kulinda jokofu dhidi ya umeme unaopanda na kushuka vitaendelea kuwa na soko. Mitambo mikubwa ya mkopo ndiyo yenye hatari ya kumdodea mwenye duka, kama antena za mwaka 2013.

Mwenye umeme wa laini naye ana mtego wake. Uniti zinazozidi 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 350 kila moja. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500 kabla ya kodi, ilhali uniti 25 tu zinazofuata ni shilingi 8,750. Shabiki wa mitambo anayeongeza jokofu, pasi, na heta ya maji ya kuoga, na baridi ya Oldeani humvutia kununua heta, atashangaa kuona uniti zake zinaisha kabla ya katikati ya mwezi. Si mita iliyoharibika. Amevuka mpaka.

SUFURIA INAYOSTAHILI SIFA

Katika vyombo vyote vinavyosifiwa sasa, kimoja kinafaa kwa namna ya pekee kwa mazingira ya Karatu, nacho kinazungumzwa kidogo kuliko spika na televisheni. Ni sufuria ya umeme ya kupika kwa mgandamizo wa mvuke.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Katika miinuko ya mita 1,500 na zaidi, maji huchemka yakifika karibu nyuzi 95, si 100 kama pwani. Ndiyo maana maharage na makande huchelewa kuiva huku juu na kumaliza kuni nyingi. Sufuria yenye mfuniko wa kubana hupandisha joto kupita nyuzi 100, na maharage huiva kwa muda mfupi sana kuliko jikoni kwa kawaida. Kwa kuwa imezuia joto lisitoke, chungu kimoja cha maharage hakitumii zaidi ya nusu uniti hivi, yaani shilingi 60 kwa mteja wa matumizi madogo.

Hapa pia tarakimu za mfano zitasaidia. Sufuria ikiwa shilingi 150,000, na nyumba ikiokoa shilingi 500 za kuni au mkaa kila inapopika makande, mara nne kwa wiki, baada ya kutoa umeme itarudisha fedha yake kwa wiki 85, takriban mwaka 1 na miezi 8. Hesabu hiyo haikuingiza saa za mama na mabinti wanaotafuta kuni, wala msitu. Serikali nayo imeshaonyesha mwelekeo. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipigwa marufuku kutumia kuni na mkaa kuanzia Januari 31, 2024, na mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Hata hivyo, sufuria hiyo nayo lazima ijibu swali la mwaka wa nne. Ndani ya mfuniko kuna mpira unaozuia mvuke, na mpira huchoka. Ni kitu cha bei ndogo, lakini ukikatika na kukosekana Karatu, sufuria ya shilingi 150,000 inakuwa chombo cha kuwekea mahindi. Mwenye duka anayeagiza sufuria 20 bila kuagiza mipira 40 anajiharibia jina. Mwenzake anayeweka mipira, nyaya na fyuzi, na kumlipa kijana mmoja aliyesomea ufundi wa umeme akae dukani siku za mnada, atapata wateja wa wote wawili.

Lipo jambo la ndani ya nyumba ambalo wafanyabiashara wanalijua ila hawalisemi. Fedha ya mavuno mara nyingi hukaa kwa baba, na kazi ya jiko iko kwa mama. Spika kubwa huwapendeza wageni wa sebuleni, ilhali sufuria huonekana na mmoja tu. Duka litakalomkaribisha mama aje ajaribu kupika maharage yake hapo hapo dukani, mbele ya mumewe, litakuwa limetoa tangazo lisilopingika.

KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Mwekezaji mdogo anayevutiwa na teknolojia ana njia tatu. Anaweza kuweka duka la vyombo, anaweza kuweka karakana ya matengenezo, au anaweza kununua hisa za kampuni kubwa katika soko la Dar es Salaam.

Kuhusu hisa, mfano wa Vodacom Tanzania unafaa kukumbukwa. Sheria iliyataka makampuni ya simu yauze asilimia 25 ya hisa kwa umma, na mwaka 2017 hisa za Vodacom ziliuzwa kwa shilingi 850 kila moja. Wengi walinunua kwa kuwa M-Pesa walikuwa nayo mfukoni na waliipenda. Katika miaka iliyofuata bei sokoni ilikaa kwa muda mrefu chini ya hapo. Kampuni haikufa na huduma haikukoma, ila kupenda huduma ni jambo moja, na bei ya hisa ni jambo jingine. Ni kosa lile lile la shabiki wa mitambo, safari hii likiwa limevaa suti.

Duka la vyombo lina mauzo ya haraka lakini lina hatari ya bidhaa kupitwa na wakati na ya madeni ya msimu. Karakana ina mauzo madogo, kwa shilingi elfu moja moja na mbili mbili, ila kila chombo kinachouzwa Karatu, cha mtambo wa jua au cha laini, cha duka hili au lile, siku moja kitapita mlangoni pake. Paneli zinazidi kushuka bei duniani na yeyote anaweza kuzileta. Fundi anayeaminika hawezi kuagizwa kutoka nje kwa kontena.

Kwa mkulima anayeshuka kutoka Oldeani na fedha ya mavuno, ushauri ni mfupi. Aulize kama nguzo inakuja kitongojini kwake kabla ya kusaini mkopo wa jua. Ajumlishe malipo yote hadi shilingi ya mwisho, kisha ayalinganishe na bei ya taslimu. Aulize betri ni ya aina gani na inauzwa wapi. Amwombe muuzaji amwonyeshe fundi kwa macho, si kwa namba ya simu. Na kabla ya yote atenge fedha ya mbegu, kwa sababu hakuna chombo cha kisasa kitakachomlisha mwakani shamba likikaa bila kupandwa.

Shabiki wa mitambo ataendelea kuwa wa kwanza kununua, na kijiji kinamhitaji, kwa kuwa bila yeye wengine wasingeona kitu kipya. Majirani waende kumtembelea na wakitazame chombo chake kinavyofanya kazi. Kisha wamwulize kuhusu kile alichokinunua miaka minne iliyopita, na kama kingali kinawaka.